Injini ikizima katikati ya Lualaba, fundi ni yule aliyemo ndani ya boti

KALIMA, Maniema – Shehena inayotoka katikati ya mji wa Kindu kuja Kalima huanza safari kwa kuvuka maji. Mji umekaa ukingo wa magharibi wa mto Lualaba, na njia ya Kalima inaanzia Alunguli, ng'ambo ya pili. Kuelekea kaskazini, boti za mbao huteremka hadi Ubundu, kilomita zipatazo 300. Chombo kikiharibika huko, hakuna gereji ya kukimbilia.

Hitilafu moja inajulikana sana kwa waendesha injini ndogo. Rafadha ikigonga gogo au mwamba, pini inayoishikilia hukatika: injini inanguruma, boti haiendi. Pini hiyo imetengenezwa kwa chuma laini makusudi, ili ikatike yenyewe na gia zisalimike.

Kabla ya kushika koleo, kuna hatari nyingine. Boti isiyo na nguvu huupa mkondo ubavu wake, na ikiwa imejaa mizigo inaweza kupinduka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya pondo, makasia na nanga: omo ielekezwe kwenye mkondo, abiria wakae chini watulie.

Mwenye pini ya akiba huibadilisha kwa dakika chache. Asiyenayo hukata msumari laini kwa kipimo kilekile, akaenda polepole hadi ufukweni. Kosa ni kutia chuma kigumu. Hicho hakikatiki, na kishindo kinachofuata huishia kwenye gia. Hapo injini haitengenezeki tena mtoni.

Ubao ukipasuka, mizigo huhamishiwa upande wa pili ili tundu lipande juu ya maji. Tundu huzibwa kwa kitambaa kilichopakwa grisi, kisha hufunikwa kwa kipande cha mpira wa tairi na bati, vikapigiliwa misumari. Wengine huendelea kuchota maji bila kupumzika.

Mabaharia wa jahazi za Lamu na Zanzibar wana shida inayofanana na hiyo. Foromali ikivunjika, tanga hushushwa kwanza, mti hufungwa magango kwa kamba, kisha tanga hupandishwa likiwa limepunguzwa. Nao hawatafuti mwendo, wanatafuta kufika.

Lakini ufundi hauokoi chombo kilichojazwa kupita kiasi. Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama ziwani Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake. Makumi ya abiria walipoteza maisha.

Kwa hiyo kabla ya kupanda, msafiri ana haki ya kumuuliza mwenye boti mambo matano: makasia yako wapi? Nanga ipo? Pini za akiba ni ngapi? Chombo cha kuchotea maji kiko wapi? Na jaketi za kuokolea zinatutosha sote? Akikosa majibu, afadhali asubiri boti nyingine.