Majani Mekundu ya Septemba

Katika vitabu vya shule watoto wetu husoma habari za majira ya Ulaya ambayo majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha yakaanguka yote. Watu wa huko hupanda vilima siku ya Jumapili ili kuyatazama tu. Mwanafunzi wa Kinkondja asomapo hayo hudhani ya kuwa nchi yake haina ajabu ya namna hiyo. Sivyo hata kidogo.

Kinkondja iko kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, mahali mto Lualaba unapotanuka kuwa maziwa na mabwawa. Bonde hilo lina kimo cha mita 600 hivi juu ya bahari. Mtu akisafiri kwenda kusini-mashariki hufikia milima ya Kibara, ambayo yapita mita 1700. Juu kabisa ni nyasi na upepo. Miteremko ndiyo yenye miombo. Sehemu kubwa imo katika hifadhi ya taifa iliyoundwa mwaka 1939, basi mgeni yampasa kuonana kwanza na walinzi.

Mwezi wa Septemba mvua haijanyesha tangu Mei. Nyasi zimekauka, vijito vimekatika. Mtu angetazamia kuona miti mikavu. Kumbe miombo haingoji mvua! Hutoa majani mapya majuma kadhaa kabla ya tone la kwanza, kwa maji ambayo mizizi yake mirefu huyavuta chini sana ardhini. Na majani hayo machanga hayazaliwi ya kijani: mengine huwa na rangi ya divai, mengine ya shaba iliyosuguliwa, na mlima mzima huonekana kama unawaka. Ulaya jani huwa jekundu likifa. Kwetu huwa jekundu likizaliwa.

Afadhali kupanda alfajiri, kabla ukungu wa moshi haujafunika bonde. Mitumbwi haionekani kwa umbali ule, ila maji hung'aa, na mafunjo yametanda pande zote. Huko Sanga, ufukoni mwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, wakakuta vyungu na mapambo ya shaba. Watu wamekaa kando ya maji hayo zaidi ya miaka elfu.

Lakini mtazamaji huona pia mistari ya moto. Moto uwashwao Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na majimaji, hupita upesi bila kudhuru sana. Ule wa Septemba hupanda matawini, ukaunguza majani siku zile zile yanapozaliwa. Maua nayo huungua, nyuki wakakosa kazi. Mwindaji ameuwasha kwa ajili ya ndezi wawili tu. Mvua zikija, mama yake ataingia msituni na kikapu kutafuta viwavi vya kuuza sokoni, atarudi nacho kitupu.