Saa ya Hadithi Haihitaji Kimya

Darasa la awali lililotulia tuli mwalimu akisoma hadithi husifiwa kwamba watoto wake wana adabu na wanasikiliza. Sifa hiyo inastahili kupimwa upya. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la mwezi mmoja lililofanyika New York, Marekani, kwa watoto wa miezi 21 hadi 35. Wazazi wa makundi yote mawili waliwasomea watoto vitabu kwa kiasi kinachokaribiana. Ila kundi moja lilifundishwa kumpa mtoto nafasi ya msimulizi: kumwuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kulipokea jibu lake, kuliongezea neno moja au mawili, kisha kumwachia aendelee. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi hilo waliwatangulia wenzao kwa miezi 8.5 katika kipimo kimoja cha kujieleza. Wote walisomewa; hawa walisomewa huku wakizungumza.

Sababu yake huonekana kwenye ukurasa mmoja tu wa kitabu. Mtoto anagusa picha na kusema, "Ngalawa!" Mwalimu anayelinda kimya atamwambia asubiri. Mwingine atajibu, "Naam, ngalawa yenye tanga lililochanika. Unadhani limechanwa na nini?" Hapo neno "tanga" limefika wakati macho ya mtoto yako juu ya tanga lenyewe, na swali linamlazimu kuyasaka maneno kichwani, kuyapanga na kuyatoa. Kazi hiyo ya kusaka na kupanga haifanywi na masikio peke yake. Hata ufafanuzi mfupi wa mwalimu una uzito. Katika utafiti wa Warwick Elley huko New Zealand, uliochapishwa mwaka 1989, hadithi iliyosomwa tu ilipandisha ujuzi wa maneno yaliyolengwa kwa takriban asilimia 15, na mwalimu alipoyaeleza maneno hayo akiendelea kusoma, asilimia 40.

Wapo wanaosema maswali hukata uhondo wa hadithi. Wana haki, hasa maswali yakiwa ya kukagua kumbukumbu: sungura alikuwa na rangi gani, alikwenda wapi. David Dickinson na Miriam Smith, waliochunguza madarasa 25 ya watoto wa miaka minne Marekani, waliona mwaka 1994 kwamba mazungumzo ya kuchambua, yaani kwa nini mhusika alitenda vile au neno fulani lina maana gani, ndiyo yaliyoendana na msamiati mpana zaidi mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo vituo viwe vichache na vyenye maana, na maongezi marefu yasubiri kitabu kifungwe.

Pingamizi zito zaidi ni la idadi. Darasa lenye watoto themanini litazungumzaje? Simulizi zetu zina mlango wa kuanzia: "Paukwa!" huitikiwa "Pakawa!", na kitendawili hakisemwi mpaka wasikilizaji waseme "Tega!" Lakini tusijidanganye: kuitikia kwa pamoja huamsha usikivu, hakumpi mtoto sentensi yake mwenyewe. Akimgeukia jirani na kumweleza anavyodhani, anaipata, na nusu ya darasa inasema kwa wakati mmoja. Kelele itakuwepo, na ni ya kazi. Wala ustadi huu hautaki kisomo kikubwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020 kutoka vijijini Kenya, walezi walifunzwa kuzungumza na mtoto juu ya kitabu, na watoto wa wasiojua kusoma walinufaika angalau sawa na watoto wa wanaojua.

Mwalimu, ukishauliza, ngoja. Mtafiti Mary Budd Rowe alionesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu majibu huwa marefu. Kesho, kabla ya kufunua ukurasa, uliza kwa nini, kisha hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu.