Kupunguza Taka za Uchorongaji katika Bahari ya Baridi: Mfano wa Bahari ya Barents

Kisima cha mafuta kinapochorongwa, vipande vya mwamba uliovunjwa na keekee hupandishwa juu na tope la uchorongaji, yaani mchanganyiko wa maji au mafuta, udongo mfinyanzi na madini mazito kama baraiti. Taka zinazozungumziwa hapa ni vipande hivyo pamoja na tope lililoharibika. Mara nyingi mjadala huanzia mahali pa kuzitupa. Makala haya yanashikilia kuwa uanzie kisimani.

Katika Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwei, umbali ndio hoja ya kwanza. Eneo la Johan Castberg liko takribani kilomita 240 kutoka Hammerfest. Sehemu ya kusini-magharibi ya bahari hiyo haigandi, kwa kuwa hupata maji ya vuguvugu ya Atlantiki. Kinachosumbua ni hewa ya baridi, rasharasha zinazoganda juu ya vifaa, na dhoruba zinazozuia winchi kupakia meli. Kontena zikijaa na meli isifike, uchorongaji husimama. Kuvimwaga baharini si suluhisho: Uamuzi wa OSPAR Na. 2000/3 unakataza kumwaga vipande vyenye mafuta ya tope yanayozidi asilimia 1 ya uzito.

Hesabu ya ujazo inaonyesha penye nafuu. Kisima chenye kipenyo cha sentimita 44.5 hutoa mita za ujazo 155 za mwamba kwa kila kilomita. Kwa sentimita 31.1, kiasi hicho hushuka hadi 76. Hata hivyo, ukuta ukimomonyoka na kipenyo kikaongezeka kwa asilimia 10, ujazo huongezeka kwa asilimia 21. Hivyo basi, tope linalolinda ukuta ni kifaa cha kupunguza taka.

Jambo linalosahaulika zaidi ni chekecheo za mtetemo, zinazotenganisha mwamba na tope. Tuchukulie kuwa tope halistahimili chembe za mwamba zaidi ya asilimia 5 ya ujazo wake. Mita moja ya ujazo ya mwamba uliosagika ikibaki ndani yake, zinahitajika mita 19 za tope jipya ili kiwango hicho kisipitwe, na ziada hiyo hatimaye huwa taka. Baridi huzidisha tatizo: tope huwa zito, hufurika juu ya wavu laini, na wachorongaji hulazimika kuweka wavu wenye matundu makubwa. Chembe ndogo hurudi kisimani, husagwa tena, na huwa ngumu zaidi kuondolewa. Kwa maoni yangu, kuziba na kupasha joto chumba cha chekecheo kunastahili kuhesabiwa kuwa hatua ya mazingira, si starehe ya wafanyakazi tu.

Kinachobaki huweza kusagwa, kuchanganywa na maji ya bahari na kudungwa katika tabaka la chini ya ardhi. Njia hii huondoa safari za meli, lakini hutegemea uimara wa tabaka la juu yake. Katika eneo la Veslefrikk, Bahari ya Kaskazini, iligunduliwa mwaka 2009 kuwa taka zilizodungwa zilikuwa zikivujia sakafu ya bahari. Kwa hiyo shinikizo la kudungia lifuatiliwe mfululizo, na sakafu ikaguliwe kwa kamera hata baada ya kisima kufungwa.