Namba ya Bandia na Kampuni Zinazoipitisha

Tarehe 21 Januari 2024, siku mbili kabla ya kura za mchujo katika jimbo la New Hampshire, Marekani, maelfu ya raia walipigiwa simu. Sauti waliyoisikia ilikuwa mfano wa sauti ya Rais Biden, ikiwaasa wasiende kupiga kura. Sauti ile ilighushiwa kwa mitambo. Na namba iliyotokea katika simu zao ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, asiyehusika.

Yafaa tueleze jinsi jambo hili linavyowezekana. Zamani mtambo wa shirika la simu ndio uliothibitisha namba, kwani ulijua waya gani umeingia nyumba gani. Simu zipitazo katika intaneti hazina waya wa namna hiyo. Namba ni maandishi tu anayoyatia mpigaji, mfano wa anwani ya mpelekaji nyuma ya bahasha: aweza kuandika yake, aweza kuandika ya benki, ya polisi, au ya jirani yako.

Sheria ya Marekani ya kukataza hadaa hiyo ilitiwa saini Disemba 2010. Mwaka 2018 mtu mmoja alitozwa faini ya dola milioni 120 kwa simu zaidi ya milioni 96 zilizopigwa ndani ya miezi mitatu tu. Wahalifu hawakukoma. Kumwandama mmoja mmoja ilikuwa ni kuteka maji kwa pakacha. Ndipo sheria ya mwaka 2019 ilipozielekea kampuni zenyewe: tangu Juni 2021 kampuni kubwa zinalazimika kutia muhuri wa kielektroniki, kushuhudia kwamba zinamjua mpigaji na kwamba namba ni haki yake.

Muhuri nao waweza kugongwa kiholela. Katika kisa cha New Hampshire, kampuni ya Lingo Telecom ilizipa simu zile daraja la juu kabisa la uthibitisho, na mwaka huo huo ikakubali kulipa dola milioni moja. Agosti 2025 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilizifuta zaidi ya kampuni 1,200 katika daftari lake. Na kampuni isiyomo daftarini, wenzake hawaruhusiwi kupokea simu zake.

Hapa kwetu laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na hilo ni jambo jema. Lakini usajili humfunga mwenye laini; haumfungi aliyekaa ng'ambo akatia namba ya hapa kwa kompyuta. Mzee wa Micheweni akiona namba ya benki ataamini, na hatuwezi kumlaumu. Kwa hiyo wenye dhamana na waulize: simu itokayo nje ikiwa na namba ya ndani, ukiwaacha wananchi walio safarini, ni kampuni gani iliyoifungulia mlango? Jina lake liandikwe, na leseni yake iangaliwe upya.