Seremala Mweusi wa Shamba la Pasheni

Shika pasheni mbili zinazolingana ukubwa katika soko la Nakawa jijini Kampala, kando ya barabara ya Jinja. Moja inaweza kuwa nzito kiganjani, nyingine nyepesi mpaka ukadhani ina hewa tupu. Wanunuzi wazoefu hawatazami rangi peke yake. Huzipima mkononi moja moja, na zile nyepesi humwachia mwenye meza. Ukiuliza kwa nini ni nyepesi utaambiwa jua lilizidi, mti umezeeka, au mkulima alichuma mapema, na mara nyingi majibu hayo ni ya kweli. Lakini lipo jibu jingine ambalo halitajwi sana mezani. Miezi miwili hivi kabla ya tunda kufika sokoni, ua lake lilifunguka na nyuki anayefaa hakupita.

Pasheni haina nyama kama embe. Ndani yake mna mbegu, na kila mbegu imevikwa kifuko chake chenye maji. Juisi yote inayouzwa kwa bilauri inatoka kwenye vifuko hivyo. Tunda lililojaa vizuri huwa na mbegu hata zaidi ya 200, na kila mbegu inahitaji punje yake ya chavua ili itungwe. Chavua ikiwa haba, mbegu huwa haba, vifuko navyo ni vichache, na ganda linabaki na uwazi ndani. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba pasheni ya leo haina maji, analalamikia chavua bila kujua.

Chavua yenyewe ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuipeleka popote. Tena ua limejengwa kwa namna inayomchagua mgeni. Chini kabisa pana kikombe cha mbochi, yale maji matamu yanayowavuta wadudu. Juu yake kuna nyuzi nyingi za zambarau na nyeupe zilizojipanga duara, na katikati umesimama mhimili uliobeba vichavulio vitano vilivyogeuza uso chini. Juu zaidi kuna vipokezi vitatu vya chavua. Ua linapofunguka vipokezi hivyo huwa vimeelekea juu, kisha taratibu vinainama mpaka vinakuwa usawa mmoja na vichavulio. Mdudu anayekunywa mbochi huku mgongo wake ukigusa vichavulio ndiye atakayeupaka mgongo huo kwenye vipokezi vya ua lifuatalo. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Anapita chini bila kugusa chochote, au anakwea na kukomba chavua akaipeleka mzingani. Namheshimu kwa asali yake, ila kwenye pasheni sifa anazopewa si zake.

Mwenye kimo kinachofaa ni nyuki seremala, wa jenasi ya Xylocopa. Ni yule mdudu mnene mweusi anayevuma kwa sauti nzito karibu na boriti za nyumba na nguzo za uzio, ambaye watoto humkimbia. Duniani zipo spishi mamia kadhaa, na Afrika Mashariki inazo nyingi. Mmoja anayeonekana mara kwa mara ni Xylocopa caffra. Jike wake ni mweusi mwenye mistari miwili ya manjano au myeupe, dume amefunikwa manyoya ya kijanimanjano mwili mzima, hata mtu huapa kwamba ni wadudu wawili wasiojuana. Huyo dume ndiye anayening'inia hewani mbele ya uso wako kana kwamba anataka ugomvi. Hana mwiba. Jike anao, lakini hautumii mpaka ashikwe.

Jike hutoboa tundu la duara linalopitisha kidole, katika mti mkavu. Hali mbao, anazitafuna na kuutema nje unga wake, na ndiyo maana chini ya tundu jipya utaona kilima kidogo cha unga wa mbao. Akishazama sentimita chache hukata kona na kuchimba kufuata urefu wa mti. Mwisho wa handaki anaweka donge la chavua iliyokandwa kwa mbochi, juu yake yai moja, halafu anaziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na mate. Kisha chumba kingine, na kingine. Mayai yake ni miongoni mwa mayai makubwa zaidi ya wadudu wote, na kwa sababu hiyo huzaa wachache. Mzinga wa nyuki wa asali ukipoteza nyuki mia hautikisiki. Seremala anayefukiwa tundu lake amepoteza uzazi wa msimu mzima.

Spishi kadhaa za Afrika zina jambo la ajabu zaidi. Mwanzoni mwa tumbo la jike kuna kichumba cha ndani ambamo husafiri utitiri, viumbe wadogo mno wanaohama naye kutoka tundu hadi tundu. Maumbile yamempa abiria na chumba cha kuwawekea.

Kazi yake haiishii kwenye pasheni. Kwenye meza hizo hizo za Nakawa kuna biringanya na nyanya, na maua ya jamii hiyo huficha chavua ndani ya vichavulio vyenye vitundu nchani, kama kichupa cha chumvi. Haitoki mpaka itikiswe. Nyuki seremala hukumbatia ua, anatuliza mabawa, kisha anatetemesha misuli ile ile ya kurukia. Mvumo unabadilika ghafla, unakuwa mwembamba na mkali, na chavua inammwagikia kifuani. Nyuki wa asali hajui mtindo huo.

Biringanya, hata hivyo, haitoi mbochi hata tone. Inatoa chavua tu, na mdudu anayevuma siku nzima hawezi kuishi kwa chavua peke yake. Jambo hili lilichunguzwa Nguruman, kusini mwa Kenya karibu na Ziwa Magadi, na Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng, waliochapisha matokeo yao mwaka 2008. Miongoni mwa wachavushaji wakuu wa biringanya walikuwa Xylocopa caffra na nyuki mwingine wa porini, Macronomia rufipes. Nyuki hao walitegemea pori lililopakana na mashamba, maana ndiko kulikokuwa na mbochi. Ukifyeka kichaka kando ya shamba ili upande mistari miwili zaidi ya biringanya, umekifyeka na chakula cha kibarua wako.

Hasara ya namna hiyo ina historia ndefu kwingineko. Katika Uingereza na Wales, asilimia 97 ya malisho ya asili yenye maua ilitoweka kati ya miaka ya 1930 na 1984, yakilimwa na kutiwa mbolea. Leo baadhi ya vipande vilivyobaki vinalindwa kwa sheria na kwa pesa nyingi. Huku kwetu kichaka bado kipo, bure, na tunakiita uchafu.

Wanaotaka kujua kazi ya nyuki inagharimu kiasi gani, waende Brazili, nchi inayoongoza kwa pasheni, ambako palipokosa nyuki wa kutosha watu hulipwa kupaka chavua kwa vidole, ua kwa ua. Au waende Mukono tu, mwendo mfupi mashariki ya Nakawa, wamwone mkulima wa vanila na kijiti chake asubuhi. Vanila ililetwa huku bila mchavushaji wake wa Meksiko, kwa hiyo kila ua linachavushwa kwa mkono, kwa mbinu aliyoibuni Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Pasheni nayo ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Ilibahatika kukuta huku nyuki wenye kimo cha ua lake.

Mkulima anaweza kumfuga seremala bila kununua kitu. Dawa isipulizwe maua yakiwa wazi. Pasheni ya zambarau hufungua alfajiri na kufunga karibu na saa sita mchana, ile ya njano hufungua saa sita na kufunga usiku, hivyo saa ya bomba la dawa si moja kwa mashamba yote. Kunde na marejea pembezoni huwapa nyuki chakula pasheni inapopumzika. Nguzo kuukuu za uzio ziachwe zisimame, au gogo kavu lifungwe kivulini karibu na mimea ya pasheni. Anayehofia boriti za nyumba yake azipake rangi ya mafuta, kwa kuwa seremala huyu hapendi mbao zilizopakwa, ila gogo la shambani aliache kama lilivyo.