Vyungu Vitatu kwa Siku Moja

Leo tunazungumza zaidi na ndugu zetu wa Same, hasa wale wa milimani, ambako mifereji hushuka kutoka msituni na miwa hustawi mabondeni. Lakini hata wewe uliye Mwanga, Lushoto au Moshi usiondoke. Jambo lenyewe linamhusu kila mwenye chungu cha pombe nyumbani.

Tuchukue mfano. Mama mmoja mkulima ana kipande cha miwa kando ya mfereji. Jumapili jirani yake ana arusi, naye ameagizwa madebe matatu ya dengelua, ile pombe ya miwa ya Upareni. Fedha zake amekwisha zipangia kazi: sare za shule za watoto wawili, na jembe jipya. Basi anasema moyoni, "Nitakata miwa yote leo, nitwange yote leo, nijaze vyungu vitatu, nimalize kazi." Anafanya hivyo. Siku ya tatu anafunua chungu cha kwanza: siki. Cha pili: siki. Cha tatu nacho ni kile kile. Miwa imekwisha, sare hakuna, na arusi haina kinywaji.

Mama huyu si mvivu, wala si mgeni wa kazi hiyo. Chungu kimoja amekuwa akikitengeneza vizuri miaka yote. Kosa lake ni kudhani kwamba vyungu vitatu ni sawa na chungu kimoja kikubwa. Ndugu zangu, sivyo.

Hebu kwanza tuone nini kinatokea ndani ya chungu. Maji ya miwa yana sukari nyingi. Debe moja la lita 20 huwa na kilo tatu hivi za sukari. Chachu ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari hiyo, na badala yake vinatoa kileo na hewa. Ndiyo yale mapovu mnayoyaona. Lakini chachu haiko peke yake. Wapo vijidudu wengine wanaogeuza kileo kuwa siki, na hao hupenda sana hewa na uchafu. Kwa hiyo kutengeneza pombe ni mashindano: tunataka chachu itangulie, na wale wa siki wachelewe.

Sasa tuangalie yule mama alipokosea.

Kosa la kwanza ni chachu. Alichukua chachu ya zamani, akaigawa katika vyungu vyote bila kuijaribu. Chachu ilikuwa imekwisha ingia siki, basi akapanda ugonjwa mmoja katika vyungu vitatu. Dawa yake ni rahisi. Siku moja kabla ya kazi, chukua vibuyu viwili safi. Tia maji kidogo ya miwa katika kila kimoja, kisha tia chachu. Wengi Afrika Mashariki hutumia tunda la mwegea, ambalo wengine huliita mvungunya. Tumia lililokaushwa vizuri tu, kwa maana tunda bichi lina sumu. Asubuhi nusa. Kibuyu chenye mapovu na harufu tamu kama ya mkate ndicho cha kutumia. Kikinuka siki, mwaga, usikionee huruma. Na ukiwa na vibuyu viwili vizuri, usitegemee kimoja kwa vyungu vyote.

Kosa la pili ni kungoja. Miwa ikikatwa huanza kupoteza sukari yake, na maji yake yakikaa saa chache tu kwenye joto huanza kuchacha yenyewe, bila kukungoja wewe. Yule mama alitwanga tangu asubuhi mpaka jioni, akakusanya maji yote katika pipa moja, ndipo akagawa. Yale ya asubuhi yalikuwa yamekwisha haribika, yakaharibu na ya jioni. Kwa hiyo maliza chungu kimoja kwanza: kata, menya, twanga, kamua, chuja, tia chachu, funika. Halafu ndipo uguse miwa ya chungu cha pili.

Kosa la tatu ni joto. Chachu hufanya kazi vizuri katika joto la kadiri, nyuzi 25 hadi 30 hivi. Milimani usiku kuna baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai, ndiyo maana wazee huweka chungu karibu na meko. Lakini meko ni moja na vyungu ni vitatu! Cha karibu huiva upesi, cha mlangoni hulala. Basi vifunike vile vya mbali kwa magunia makavu au majani ya migomba, na uvihamishe zamu kwa zamu. Na kama umechemsha maji ya miwa, usitie chachu yakiwa bado moto, utaiua. Dondosha kidogo kwenye kifundo cha mkono, kama upimavyo maziwa ya mtoto. Usiposikia moto wala baridi, tia. Kupoza haraka, weka sufuria ndani ya karai la maji baridi. Chungu cha udongo chenye moto usikitie katika maji baridi, kitapasuka.

Mtaniuliza, "Bwana, sasa siku moja itatosha?" Itatosha, mkipanga. Vibuyu vya chachu vitayarishwe jana yake, na vyungu vioshwe kwa maji ya moto na kukaushwa juani. Saa 12 asubuhi kateni miwa ya chungu cha kwanza. Saa 4 kiwe kimefunikwa. Cha pili kiwe tayari saa 8 mchana. Cha tatu, kama jua linawakimbia, chemsheni maji yake, yafunikeni vizuri yalale usiku mmoja, kisha tieni chachu kesho asubuhi. Kila chungu kiwe na kata yake na kitambaa chake. Kata iliyogusa chungu kimoja isiingie katika kingine bila kuoshwa kwa maji ya moto. Fungeni kamba yenye fundo moja, mawili na matatu ili mjue kipi kilianza lini. Wala msizibe kabisa mdomo wa chombo, kwa maana ile hewa ikikosa njia hupasua.

Hiyo tofauti ya siku moja ina faida nyingine. Dengelua haikai. Ikiisha iva, baada ya siku moja au mbili huanza kuchachuka. Vyungu vitatu vikiiva saa moja, ni lazima mpate wanywaji wa lita 60 siku hiyo hiyo. Kwa arusi ni sawa. Kwa kuuza siku ya gulio, bora viive kwa kupokezana.

Sasa neno juu ya vyombo. Msitumie dumu lililokuwa na dawa ya kahawa au ya mboga, hata mkilisugua mara kumi. Wala msitumie ndoo za bati lenye zinki. Ukali wa pombe huyeyusha zinki hiyo, nayo hudhuru tumbo. Chungu cha udongo, kibuyu au plastiki ya chakula vinafaa.

Na kwa wale wanaotumia nafaka, sikilizeni sana. Ukihitaji vyungu vitatu kwa haraka, utashawishika kuokoteza unga wa zamani uliolowa. Usithubutu. Januari mwaka 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete, nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani. Wachunguzi waligundua sumu iliyotokana na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Hata sumukuvu, ile ya mahindi yenye ukungu, ni hivyo hivyo. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Unga ulioota ukungu haufai ugali, haufai pombe, wala haufai kuku.

Makapi ya miwa msiyatupe. Yatandazeni shambani chini ya migomba au tangawizi, yazuie jua na maji ya mvua yasichukue udongo wa mteremko. Kama kuna msaragambo wa kuzibua mfereji au kutengeneza ndiva, wapeni watu uji au togwa wakati wa kazi. Dengelua ingoje majembe yawekwe chini. Wapo pia majirani wengi wasiokunywa kwa ajili ya dini zao; togwa itawatosha wote. Kuuza pombe kunataka leseni, ulizeni kwanza. Na gongo ni marufuku.

Basi, yule mama wa mfano wetu afanyeje mwaka ujao? Ajaribu chachu, amalize chungu baada ya chungu, na aandike katika daftari miwa aliyokata, kuni alizochoma na fedha alizopata kwa kila chungu. Hapo kimoja kikiharibika, viwili vitabaki, na sare zitanunuliwa.

Kwa leo tukomee hapo. Kazi njema, na kwaherini.