Vibranium ya Wakanda na urani ya Shinkolobwe: siri ilikuwa ya nani?

Katika filamu Black Panther ya mwaka 2018, dunia nzima inaamini kwamba Wakanda ni nchi maskini ya wakulima na wafugaji. Kumbe chini ya ardhi yake kuna vibranium, madini yaliyoletwa na kimondo. Yanameza nguvu ya pigo lolote, na wakaaji wanayatumia kwa treni, matibabu na silaha.

Madini hayo hayapo popote. Wakanda ilibuniwa na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, katika vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 1966.

Lakini miaka 21 kabla ya hapo, jiwe lenye nguvu ya kutisha lilikuwa tayari limetoka Afrika. Lilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika jimbo ambalo leo ni Haut-Katanga.

Urani iligunduliwa huko mwaka 1915, na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ikaichimba. Mwaka 1940, mkurugenzi wake Edgar Sengier alituma New York zaidi ya tani 1,000. Wamarekani walipoanza kutengeneza bomu la atomiki, sehemu kubwa ya urani yao ilikuwa ya Kongo. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu hilo liliangukia Hiroshima.

Shinkolobwe pia ilifichwa, ila tofauti na Wakanda ni kubwa. Wawakanda waliwaficha wageni mali yao. Hapa kwetu, wageni ndio waliowaficha wenye mali: Wakongomani waliobeba mawe hayo hawakuambiwa yanaenda kufanya nini.

Mgodi huo ulifungwa rasmi mwaka 2004. Mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua wachimbaji wa kienyeji waliokuwa bado wanatafuta kobalti humo.

Leo kobalti ndiyo inayotafutwa, kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mwezi wa pili 2025, Kinshasa ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, kisha mwezi wa kumi ikaweka kiwango kwa kila kampuni. Ni hatua: mwenye mali ameanza kusema ni kiasi gani kitoke.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kobalti hiyo bado inasafishwa China, na betri zinatengenezwa mbali na Kolwezi.

Hapo ndipo filamu inatugusa. Maabara ya Shuri, dada wa mfalme, imejengwa ndani ya mgodi wenyewe. Jiwe likitoka ardhini, linakutana kwanza na mwanasayansi wa kwao, si na lori la kwenda bandarini. Kwetu jiwe lipo, na vijana wanaosomea migodi na kemia Lubumbashi wapo. Maabara hiyo ndiyo bado tunaisubiri.